Huduma ya kuandaa nyumba ya kuuza Dar es Salaam: kipi cha kulipia, kipi cha kukataa

Ukitangaza kwamba unauza nyumba Dar es Salaam, hukosi mtu wa kukuletea kifurushi cha "maandalizi". Wapo madalali wanaokiuza pamoja na kazi ya kutafuta mteja, wapo mafundi rangi waliopanua shughuli, na wapo wapambaji wa ndani waliozoea nyumba za kupangisha kwa siku. Orodha yao inafanana: usafi wa nguvu, rangi ndani na nje, marekebisho madogo ya bomba na umeme, fanicha na mapazia ya kukodi, bustani, picha na video. Tunakipitia kifurushi hicho kama kinavyouzwa Mikocheni, Mbezi Beach, Tegeta, Kimara na Kigamboni, kwa nyumba ya kawaida ya familia: vyumba vitatu au vinne, tofali za saruji, paa la bati, fensi, na miaka kumi hadi ishirini tangu ijengwe.

Huduma yenyewe inafaa. Tatizo ni kwamba pesa ndani yake zimepangwa kichwa chini miguu juu. Sehemu kubwa ya malipo huenda kwenye vitu vinavyopendeza kwenye picha, yaani rangi ya mwisho, makochi na mapazia, na makombo ndiyo hubaki kwa ajili ya maji, mwanga na makaratasi. Mnunuzi wa Dar anaanzia upande wa pili. Akifika huinama kutazama pale ukuta unapokutana na sakafu, hufungua koki, huvuta flashi, hunusa, kisha huomba kuona hati. Makochi anajua yataondoka na wenyewe.

Kuta: anzia chini

Kasoro inayoshusha bei kuliko zote katika nyumba za ukanda wa pwani ni unyevu unaopanda ukutani. Utaujua kwa rangi iliyovimba na kumenyeka kuanzia sakafuni kwenda juu, mara nyingi hadi usawa wa goti au kiuno, na unga mweupe unaobaki kwenye kidole ukigusa. Unga huo ni chumvi. Inatoka ardhini, au kwenye maji ya kisima yenye chumvi yaliyotumika kufyatulia tofali na kupigia lipu, au kwenye mchanga ambao haukuoshwa. Kama msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu chini ya kozi ya kwanza ya ukuta, maji hupanda kidogo kidogo ndani ya tofali yakibeba chumvi. Yakifika kwenye uso wa lipu yanakauka, chumvi inaganda na kutanuka, na nguvu hiyo ndiyo inayosukuma rangi na lipu nje.

Watoa huduma wengi wanafanya hivi: wanakwangua, wanapiga puti ya jipsamu, wanalainisha kwa msasa, kisha koti mbili za rangi. Siku ya picha ukuta unang'aa. Lakini jipsamu hunyonya maji na kulainika, kwa hiyo mvua chache za vuli au masika zinatosha kulirudisha tatizo pale pale, safari hii puti nayo ikidondoka kwa mabaka. Kwa vile nyumba inaweza kukaa sokoni miezi kadhaa, wanunuzi wa mwisho ndio wanaokuta hali hiyo, tena ikiwa mbaya kuliko ilivyokuwa mwanzo. Njia nyingine inayopendwa ni kupaka sehemu ya chini rangi ya mafuta au kuibandika vigae. Hapo maji yanakosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi, na baada ya muda alama inaonekana juu ya vigae. Kifurushi kikipendekeza lolote kati ya hayo mawili, likatae hilo hata kama utalipokea vingine vyote.

Kazi sahihi inaanzia nje. Zunguka nyumba uone kama udongo au vitofali vya chini vimepanda kuliko sakafu ya ndani. Vinatakiwa viwe chini yake kwa sentimita 15 angalau. Angalia bomba la gata linamwaga wapi, maana mengi humwaga mguuni mwa ukuta. Kisha pima: kata kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne, ukiache saa 24. Matone yakionekana upande ulioelekea ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakionekana upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa tu na dawa yake ni kufungua madirisha.

Ikithibitika kwamba ni ukuta, lipu mbovu hubomolewa hadi sentimita 30 juu ya alama ya mwisho. Chumvi husuguliwa kwa brashi kavu na kuzolewa. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Ukuta huachwa wazi ukauke. Lipu mpya iwe sehemu moja ya saruji kwa nne za mchanga uliooshwa, pamoja na dawa ya kuzuia maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na isipakwe rangi kabla ya siku 28. Sababu ya siku hizo ni kwamba saruji mbichi ina ukali wa alkali unaoila rangi na kuifanya ibadilike na kunata. Zikitimia, piga praima inayostahimili alkali, kisha koti mbili za rangi ya maji. Mahali ambapo msingi hauna kabisa kizuizi, tiba kamili ni kutoboa mashimo kwenye mstari wa chini wa ukuta na kuingiza dawa, kazi ambayo si kila muuzaji atataka kuilipia. Asiyetaka kuilipia amwambie mnunuzi ukweli na wazungumze bei. Mnunuzi anayekuja na fundi wake ataubaini unyevu uliofichwa, na kuanzia hapo hataamini jambo jingine lolote utakalomwambia kuhusu nyumba hiyo.

Huna siku 28? Acha lipu mpya bila rangi sehemu ya chini. Ukuta wa saruji safi na kavu unaeleweka kwa mnunuzi. Rangi inayomenyeka haieleweki.

Rangi na hesabu yake

Kwenye rangi ndiko udanganyifu wa vipimo unakofanyika zaidi, kwa hiyo fanya hesabu mwenyewe kabla ya kupokea makadirio. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye urefu wa mita 3 kwenda juu. Mzunguko ni mita 15, kuta zote ni mita za mraba 45. Toa mlango na dirisha, unabaki na kama 41. Koti mbili ni 82. Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwenye ukuta laini, basi chumba kinataka lita 7 hadi 8. Ndoo ya lita 20 inatosha vyumba viwili vya namna hiyo na kubakiza kidogo. Makadirio yakikuletea ndoo moja kwa kila chumba, uliza zinakwenda wapi. Yakikuletea ndoo moja kwa vyumba vinne, fundi amepanga kuongeza maji.

Rangi iliyozidishwa maji utaijua ikishakauka: pitisha kiganja, kikitoka na vumbi jeupe kazi irudiwe. Kiasi cha maji kinachoruhusiwa kimeandikwa kwenye ndoo, na fundi asikizidishe. Sharti la kuweka kwenye makubaliano ni kwamba ndoo zifunguliwe mbele yako na tupu zisitolewe nje mpaka umezihesabu.

Kuhusu rangi gani, hatuna mjadala mrefu. Nyeupe iliyokolezwa kidogo kuelekea krimu, moja kwa nyumba nzima, dari nyeupe kabisa. Ukuta mmoja wa zambarau au dhahabu sebuleni unamfanya mnunuzi aanze kupiga hesabu ya kupaka upya kabla hajafika jikoni. Rangi ya silki inaosheka vizuri ila inaakisi mwanga, na mwanga wa dirisha ukipita pembeni ya ukuta kila kosa la lipu linajitokeza. Kwenye kuta zisizonyooka tumia isiyong'aa.

Madoa ya kahawia kwenye dari yana utaratibu wake. Paa kwanza: mpira ulio chini ya kofia ya msumari wa bati hukauka na kupasuka kwa jua, na maji huingia hapo. Badilisha misumari iliyolegea, ziba, subiri mvua ipite au mwaga maji kwa mpira wa bustani upande huo kwa dakika 20. Dari ikibaki kavu, paka doa kwa andakoti ya mafuta, kisha rangi ya maji juu yake. Ukipaka rangi ya maji moja kwa moja, rangi ya doa huyeyuka na kupenya hata ukirudia koti nne. Jipsamu iliyolegea na kubonyea haipakwi, inakatwa na kuwekwa kipande kipya.

Ukungu mweusi bafuni na nyuma ya makabati nao haupakwi juu. Changanya sehemu moja ya dawa ya klorini ya kufulia na tatu za maji, sugua, acha dakika 15 hadi 20, suuza, kausha. Vaa glavu na fungua dirisha. Na mfanyausafi asithubutu kuichanganya klorini hiyo na dawa ya choo yenye asidi, maana mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma mapafu. Hili tumelitaja kwa sababu vifurushi vya bei rahisi hutumia vibarua wasioelekezwa, na ndoo moja hupita kila mahali.

Milango ya mninga isipakwe rangi

Nyumba nyingi za umri huu zina milango ya mninga iliyofifia, imejaa vanishi nyeusi na alama za mikono karibu na kitasa. Baadhi ya watoa huduma huipaka rangi ya mafuta ya kahawia au nyeupe ili kazi iishe siku moja. Hiyo ni hasara tupu. Mninga ni mali ambayo mnunuzi anaijua na anailipia, na mlango ukishapakwa rangi hakuna wa kumwaminisha kwamba chini yake kuna mninga.

Mlango utolewe kwenye bawaba na kulazwa. Vanishi ya zamani ikwanguliwe kwa kipande cha kioo au chuma kufuata mwelekeo wa nyuzi za mbao, kamwe si kuzikata. Msasa namba 120 kwanza, kisha 180, na wa mwisho 240. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye thina kidogo, na hapo utaiona ile rangi ya dhahabu na wekundu ikirudi. Paka sila ya mbao koti moja, ikikauka pitisha msasa wa 240 kwa mkono mwepesi, kisha vanishi isiyo na rangi koti mbili, kila moja ikauke vizuri kabla ya nyingine. Makali ya juu na ya chini ya mlango nayo yapakwe. Mafundi huyaruka kwa kuwa hayaonekani, na unyevu huingilia hapo hapo mpaka mlango ukavimba na kukwama wakati wa masika. Mlango ukikwama, angalia bawaba kabla ya kuita randa. Skrubu zilizolegea hushusha mlango upande wa kitasa, na ukishaupiga randa kwa sababu hiyo, kiangazi utaacha uwazi.

Maji, choo na harufu

Hapa pesa kidogo zinaleta matokeo makubwa, na kwa mshangao wetu vifurushi vingi vinapita juu juu: kufuta sinki, kung'arisha koki, basi.

Koki inayotoa maji kwa unyonge humfanya mnunuzi aamini kwamba nyumba haina maji. Mara nyingi chanzo ni kichujio kidogo kilichopo mdomoni mwa koki, kilichojaa mchanga na chumvi ya kisima. Kifungue, kiloweke kwenye siki saa moja au mbili, kisugue kwa mswaki, kirudishe. Kama bado presha ni ndogo, tazama urefu wa tanki: kila mita moja ya kimo juu ya koki hutoa presha ya baa 0.1 tu, kwa hiyo tanki lililokaa mita 3 juu ya koki linatoa kama baa 0.3, ambayo kwa bomba la mvua la umeme inaweza isitoshe kuliwasha. Mwenye nyumba za mlimani Kimara na Goba alijue hilo kabla ya kuwasha hita mbele ya mteja.

Tanki la flashi linalovuja kimyakimya hupimwa kwa matone machache ya rangi ya chakula. Yatie kwenye tanki, usivute, rudi baada ya nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli la choo, mpira wa chini umechoka. Kuubadilisha ni kazi ya dakika chache.

Harufu ya choo katika nyumba isiyokaliwa huwatia watu wasiwasi kwamba shimo limejaa, kumbe mara nyingi ni mtego wa maji chini ya tundu la sakafu uliokauka. Maji yale ndiyo yanayozuia hewa ya shimo isipande. Kila wiki mwaga lita moja hadi mbili kwenye kila tundu, na mwisho kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia kielee juu kupunguza uvukizi. Harufu ikibaki, fungua chemba uone kama mifuniko imepasuka, na kama shimo limejaa kupita robo tatu ita gari la kunyonya majitaka. Dawa za kunukia na udi wakati wa kuonyesha nyumba hatuzipendekezi. Manukato makali yanamfanya mtu ajiulize kinafichwa nini.

Vigae: gonga kwa sarafu, kigae kimoja kimoja. Panapolia tupu, fundi aliweka saruji kwa mafungu badala ya kuitandaza, na kigae hicho kitapasuka. Vichache vibanduliwe na kuwekwa upya. Grauti iliyofubaa usiipake rangi; ikwanguliwe kina cha milimita 2 au 3 kisha ijazwe mpya. Silikoni ya zamani kandokando ya sinki itolewe yote, pakauke, ipakwe mpya na isiguswe na maji kwa saa 24. Mfanyausafi akileta asidi ya kuondoa madoa ya saruji, eneo lilowanishwe kwanza, asidi imiminwe kwenye maji na si maji kwenye asidi, sehemu moja kwa kumi, na isifike kabisa kwenye terazo au marumaru. Terazo ikishaliwa na asidi hupoteza mng'ao, na kuurudisha kunahitaji mashine ya kusaga.

Mwanga

Sebule ya mita 5 kwa 4 yenye taa moja ya wati 9 katikati ni kasoro tunayoiona kila mara, na hakuna kifurushi kinachoitaja. Kwa ukubwa huo lenga lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 4,000 hivi, yaani taa nne za LED za wati 10 hadi 12. Lumeni zimeandikwa kwenye boksi. Namba nyingine ya kuangalia ni Kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga. Taa nyingi zinazouzwa madukani ni 6500, mwanga wa kibuluu unaozifanya kuta za krimu zionekane za kijivu na nyuso za watu zimechoka. Chukua 3000 sebuleni na vyumbani, 4000 jikoni na bafuni, na usichanganye aina mbili ndani ya chumba kimoja.

Mchana, mwanga unaliwa na nyavu za mbu zilizojaa vumbi. Zitoe, zioshe kwa sabuni na brashi laini, zianike, zirudishe. Iliyotoboka ibadilishwe nzima, kwa sababu kiraka kinaonekana kwa mbali. Mapazia mazito ya tabaka mbili yashuke. Grili za madirisha zisuguliwe kutu kwa brashi ya waya, zipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha nyeupe au kijivu chepesi.

Weka umeme wa kutosha kabla ya siku ya kuonyesha. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na kwenye nyumba ambayo haijanunuliwa umeme kwa muda deni hulimbikizwa. Sehemu ya pesa unayonunulia uniti italiwa na deni hilo, na pampu inaweza kuzima mteja akiwa bafuni.

Fanicha ya kukodi

Hiki ndicho kipengele ghali zaidi na chenye faida ndogo zaidi. Marekani, ambako Barb Schwarz wa Seattle anatajwa kuwa mwanzilishi wa kazi hii miaka ya 1970, kupamba kuna mantiki: mnunuzi huajiri mkaguzi wa majengo, akamwachia paa na mabomba, yeye akabaki kuangalia kama atapenda kuishi pale. Kwetu mkaguzi ni mnunuzi mwenyewe na fundi aliyekuja naye. Chumba kitupu, safi, chenye mwanga kinawafaa zaidi kwa sababu wanaona pembe zote. Kama unaishi ndani, punguza: kabati la vyombo linaloziba dirisha, kochi la ziada, jokofu bovu barazani, mabegi juu ya kabati. Ukilazimika kukodi, kodi kitanda kimoja cha chumba kikuu na meza ya chakula, kwa kuwa hivyo viwili vinaonyesha ukubwa wa vyumba.

Nje, na mawe ya mipaka

Kwenye bustani kifurushi cha kawaida kinatosha: kufyeka, kukata matawi yanayogusa paa, kusafisha gata, kupaka geti. Kasoro ni moja, na ni kubwa: bikoni, yaani mawe ya mipaka, hazimo.

Kiwanja kilichopimwa kina mawe ya zege kwenye pembe, kila moja na namba yake, na namba hizo ndizo zilizoandikwa kwenye ramani ya upimaji. Baada ya miaka kumi na tano mengi yamefukiwa na udongo, yamefunikwa na vitofali, au fundi wa fensi amejengea juu yake. Tafuta yote kwa kutumia ramani, chimba taratibu kuzunguka kila jiwe mpaka namba isomeke, usilitikise wala kulisogeza, kisha palilia na upake chokaa ardhi iliyolizunguka. Lisiloonekana, mwite mpima aliyesajiliwa alirudishe kabla ya kutangaza nyumba, si mnunuzi akiwa ameshaleta wake. Mnunuzi anayetembezwa kutoka jiwe hadi jiwe na kuona namba zinalingana na ramani aliyoishika anapunguza maswali nusu nzima. Kwa kazi hii tungetoa pesa yote ya makochi.

Picha na video

Simu nzuri inatosha. Ilaze mlalo, usimame kwenye kona au mlangoni, lenzi iwe kimo cha mita 1.2 hadi 1.4, na mistari ya milango isimame wima. Flashi zima. Lenzi pana ya 0.5 hufanya chumba cha mita 3 kionekane ukumbi, na mteja akifika anahisi amedanganywa. Mbele ya nyumba ipigwe jua likiwa nyuma yako: asubuhi kama inatazama mashariki, alasiri kama inatazama magharibi. Kifuniko cha choo kishushwe, ndoo na mifagio itoke.

Video ndiyo inayouza kwa walioko Muscat, London au Minneapolis, ambao watamtuma ndugu kuja kuona baadaye. Iwe moja isiyokatwa, kuanzia barabarani ili njia ya kufika ionekane, getini, sebuleni, kila chumba, fungua koki, vuta flashi, malizia tanki na chemba. Video yenye muziki na vipande vya sekunde mbili mbili haimwambii kitu mtu anayetaka kutoa akiba yake.

Makaratasi

Hakuna kifurushi tulichokiona kinachoweka bahasha ya nyaraka ndani ya huduma, na hapa ndipo nyumba zilizopendwa hukwamia. Andaa hati miliki au leseni ya makazi, ramani ya upimaji, risiti za kodi ya pango la ardhi mpaka mwaka huu, kibali cha ujenzi, ankara ya maji ya DAWASA na namba ya mita ya LUKU. Kwa nyumba ya ndoa, ridhaa ya mwenza kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mmoja kuiuza bila mwenzake. Kama mmiliki alifariki, hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani iwepo kabla ya tangazo, na warithi wawe wamekaa wakakubaliana. Jina kwenye hati likitofautiana hata herufi moja na la kitambulisho, kiapo kiandaliwe mapema. Nakala za kutuma kwa simu ziba namba ya hati. Ya asili mnunuzi aione nyumbani, kisha afanye mwenyewe upekuzi wa hati kwa msajili.

Namna ya kulipia

Usinunue kifurushi kizima kwa bei moja. Omba kila kazi na bei yake, vifaa mbali na ufundi, na mpangilio uwe huu: unyevu na paa, bomba na choo, umeme, milango, rangi, usafi, picha. Rangi ikitangulia bomba, fundi bomba atachafua ukuta na utalipia mara mbili. Malipo ya awali yawe ya vifaa tu, yaliyobaki yafuate kazi iliyokamilika, na asilimia 10 ishikwe mpaka mvua kubwa moja ipite au ukuta umwagiliwe kwa mpira na kukaguliwa. Dalali anayeuza maandalizi na kutafuta mteja kwa pamoja atenganishe mikataba miwili, ili akikosa mteja usidaiwe kamisheni kupitia ankara ya rangi.

Kazi ya nje ya lipu na rangi ipangwe Juni hadi Septemba, kuta zikiwa kavu. Maandalizi yakiisha na nyumba ikabaki tupu, mkataba uongeze ziara moja kwa wiki: madirisha yafunguliwe saa mbili au tatu, maji yamwagwe kwenye mitego ya sakafuni, koki zote zifunguliwe dakika moja, flashi zivutwe, majani yazolewe getini, na chini ya kila ukuta paguswe kwa kidole kuona kama kuna unga mweupe.